Nywele za kijana wangu zinatimka na hazilali: anyolewe vipi?

Swali: «Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Goma, upande wa Majengo. Kifungua mimba wangu ni kijana wa miaka 15. Tangu mwaka jana nywele zake zimebadilika. Zamani zilikuwa laini, sasa ni matimutimu, kila unywele umeshika njia yake. Asubuhi anazilaza kwa maji na mafuta, akifika shuleni zimekwisha kuinuka. Ili kumpunguzia taabu, kila baada ya majuma mawili namtuma akanyolewe sifuri, lakini sasa vipele vimeanza kumtoka nyuma, karibu na shingo. Uso wake ni wa mviringo, masikio yamechomoza kidogo, na akinyolewa sifuri wenzake wanamcheka. Yeye anataka aziache juu ziwe ndefu kama za wachezaji wa mpira. Baba yake anasema mtoto wake hatatembea na kichwa kama cha maibobo, watoto wa mitaani. Jirani ananishauri nimpake defriza ya watoto, ile dawa ya kunyoosha nywele. Siku hizi anavaa kofia hata ndani ya nyumba. Mtindo gani utampendeza, na hizo nywele nitazituliza namna gani?»

Mama mpendwa, katika barua yako yote, neno lililonikaa moyoni ni lile la kofia. Kijana akikaa na kofia mezani kwa mama yake, amekwisha kujiambia kwamba kichwa chake ni aibu. Nimewapokea wengi wa namna hiyo kwenye kiti changu cha kunyolea hapa Goma. Anakaa, anaivua kofia polepole, na kioo anakitazama kwa pembe ya jicho. Kwa hiyo sitakutajia jina la mtindo na kukuacha hapo. Nataka uelewe nywele za mtoto wako zinafanya nini, ili hata mkibadilisha kinyozi ujue cha kuagiza.

Najua una haraka ya jibu, basi lishike kwanza. Aache kunyolewa sifuri. Juu zibaki, pembeni na nyuma zipunguzwe taratibu kuanzia chini ya sikio, na mstari wa paji la uso usichongwe. Defriza hapana. Vipele vya nyuma vitangulie kutunzwa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoweza kumwachia alama ya maisha. Sasa nieleze kwa nini.

Kila unywele unaota kutoka kwenye kishimo kidogo ndani ya ngozi. Kishimo kikiwa kimesimama wima, unywele unatoka umenyooka. Kikiwa kimepinda, kama vilivyo vya wengi wetu, unywele unatoka bapa kidogo, mfano wa utepe, na unajikunja kadiri unavyokua. Juu yake umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama mabati ya paa. Kila mahali unywele unapokata kona, bati moja au mawili huinuka, na kupitia hapo unyevu huingia na kutoka upendavyo.

Ngozi ya kichwa nayo hutengeneza mafuta yake. Kwenye nywele zilizonyooka mafuta hayo huteremka mpaka nchani. Kwenye nywele za mikunjo hukwama karibu na ngozi, hayafiki mbali. Ndiyo maana kijana anaweza kuwa na ngozi ya kichwa inayong'aa kwa mafuta huku nywele zake zikiwa kavu kama majani ya kiangazi. Mama anaona ukavu, anaongeza vazelini, vazelini inakaa juu ya unywele mkavu, na kesho yake hali ni ileile, tena sasa na vumbi limenata.

Na kule kulala asubuhi kisha kuinuka? Ndani ya unywele kuna protini iitwayo keratini, na nyuzi zake zimefungamana kwa vifungo vya namna mbili. Vya kwanza ni dhaifu: vikilowa vinafunguka, vikikauka vinajifunga upya. Vya pili ni vya salfa, ni imara, maji hayaviwezi, na hivyo ndivyo vinavyotunza mkunjo. Mwanao anapolowesha kichwa alfajiri na kukibana kwa kiganja, anavifungua vile dhaifu tu. Akitoka nje, upepo wa njiani unamkausha. Ikiwa ni majira ya mvua, hewa yenyewe imejaa maji na unywele unayanywa na kuvimba. Vile vifungo imara vinauvuta kila unywele urudi kwenye mkunjo wake, na kwa kuwa mikunjo haifanani, haurudi mmoja pamoja na mwenzake. Huko ndiko kutimka. Hakuna uchafu hapo wala uzembe wa mtoto, na ningefurahi sana kama nyumbani kwenu neno «nywele mbaya» lingekoma leo.

Umesema zilikuwa laini zamani. Hilo nalisikia mara nyingi kwa wazazi wa vijana wa miaka 13 mpaka 16. Mwili ukibalehe, homoni zinabadilisha mengi, na nywele za kichwani zinaweza kubadilika unene na hata mkunjo. Hujamharibu. Na wale wanaokuambia kwamba wembe wa mara kwa mara ndio uliozifanya ngumu, wanakosea. Wembe unakata kitu kilichokwisha kufa juu ya ngozi, mzizi uko chini hata habari hana. Unywele uliokatwa unachoma mkononi kwa sababu ncha yake ni butu, basi.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu wa miji mingine hawalijui. Maji mengi ya Goma yanatoka Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yana madini mengi, magnesi ikiwemo, na yana asili ya magadi. Kipimo chake cha pH, yaani cha uchachu na magadi, kinakaribia 9, wakati ngozi ya kichwa inapenda jirani ya 5.5. Maji ya magadi yanayainua yale mabati ya unywele. Ukiongeza sabuni ya kipande, ambayo nayo ni ya magadi, mabati yanafunguka zaidi. Tena sabuni ya kipande ikikutana na magnesi inafanya utando mweupe, ule unaouona kwenye ukingo wa beseni. Utando huohuo unabaki kichwani mwa mtoto. Mama anaudhani ni mba, anasugua tena kwa sabuni ileile. Nimeona vijana watatu wa nyumba moja, wote «wana mba», na walichokuwa nacho ni sabuni ya kufulia tu.

Basi hapo pana dawa isiyogharimu sana. Mwoshe kichwa mara moja kwa juma kwa shampuu, mara mbili akiwa anacheza mpira kwenye vumbi letu jeusi la lava. Sabuni ya kipande iishie mwilini. Maji ya kusuuzia mwisho yawe ya mvua kama mna tangi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi mwiache ikaoshe bati la nyumba kwanza. Kama hakuna maji ya mvua, tia kijiko kikubwa kimoja cha siki katika lita moja ya maji, mwagia, subiri kidogo, suuza. Harufu inakwenda nywele zikikauka. Wengine wanatumia ndimu. Mimi naikataza, kwa sababu maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaweza kuungua.

Baada ya kuosha, kiyoyo, ile krimu ya kulainisha nywele iitwayo kondishena. Naomba usikione ni kitu cha wasichana. Kwa nywele zinazotimka, kiyoyo kinafanya kazi kubwa kuliko mtindo wowote nitakaoutaja hapa chini, kwa kuwa kinayalaza yale mabati. Apake wakati nywele zimelowa, achane humohumo kwa chanuo lenye meno mapana akianzia nchani kuelekea kichwani, kisha asuuze. Zikiwa bado na majimaji, apake mafuta kidogo, kiasi cha kufunika kucha ya kidole gumba: ya nazi, ya nyonyo, ulichonacho. Mpangilio huo usiugeuze. Mafuta hayaleti maji kwenye unywele, kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo yasitoroke. Akipaka kwenye unywele mkavu anafungia ukavu ndani. Kisha asisugue kwa taulo, aminye kwa fulana ya zamani ya pamba, halafu aziache zikauke bila kuzigusa. Kuzigusa ndiko kunakozitawanya. Avoka, ambayo kila msimu naulizwa habari zake, haina ubaya, ila kuitoa kwenye nywele za mikunjo ni kazi ya nusu siku, na faida yake haizidi ile ya tone la mafuta.

Sasa tuje kwenye kunyoa kwenyewe.

Kosa la kwanza la vinyozi wengi, hata wazuri, ni kutaka nywele za namna hii zilale. Hazitalala. Umewahi kutazama ua uliopunguzwa vizuri mbele ya nyumba? Ndani yake matawi yamepishana ovyo, lakini jicho linafuata ukingo wa nje, nao ukiwa safi, ua wote unaonekana safi. Nywele za mwanao zinatawaliwa kwa ukingo. Pembeni na nyuma zikiwa na mteremko mzuri, kule juu zinaweza kutimka zitakavyo na kila mtu ataona ni mtindo.

Uso wa mviringo unapendezwa na urefu juu na wembamba pembeni, kwa sababu hivyo uso unaonekana umerefuka. Hapo kila kinyozi atakuambia apandishe mashini mpaka juu ya panja, degrade ya juu, yaani mteremko wa nywele kutoka fupi kwenda ndefu, kama wanavyowaona wachezaji. Lakini umesema masikio yamechomoza. Mashini ikipanda sana pembeni, masikio yanabaki peke yake uwanjani, na hiyo ndiyo sababu sifuri inamfanya achekwe. Uso unataka kitu kimoja na masikio yanataka kingine. Mimi hapa nayasikiliza masikio. Degrade iwe ya chini: ianze kwenye ukingo wa nywele, ipande vidole viwili tu juu ya sikio, na kwenye panja zibaki za kutosha kuijaza ile nafasi kati ya sikio na kichwa. Wembamba unaoupoteza pembeni unaufidia kwa kuongeza juu.

Kwa vipimo vya mashini: kitana namba 1 kinaacha milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 kama milimita 10, namba 4 kama 13. Kwa kijana wako, juu ya masikio namba 3 au 4, ikishuka mpaka 2 chini kabisa. Nyuma vivyo hivyo, na kwenye shingo ishie namba 2. Juu isipite mashini, yatumike makasi, na zibaki sentimita 3 mpaka 4 kwa kuzitazama zilivyojikunja. Nimesema kwa kuzitazama zilivyojikunja, maana ukiuvuta unywele huo unaweza kukuta ni mrefu mara mbili. Hapa ndipo misiba mingi ya saluni inapotokea: kinyozi analowesha, anavuta, anakata «kidogo tu», nywele zinakauka na kurudi juu, na mtoto anatoka na nusu ya alichotaka. Nywele zinazotimka zikatwe kavu, zikiwa zimekaa kama zinavyokaa siku zote.

Mtazame pia kisogo chake kwa upande. Kama ni bapa, mwambie kinyozi aache kidogo zaidi pale utosini na kushuka nyuma, mteremko wa nyuma uanzie chini. Kama kisogo kimejaa, asiache kitu hapo. Vinyozi hutazama uso kwenye kioo na kusahau kwamba shuleni mtoto huyu anatazamwa na mstari mzima ulioketi nyuma yake.

Na ule mstari wa paji la uso unaochongwa kwa wembe ukawa kama umepigwa rula, kwa miaka 15 naukataa. Unapendeza siku tatu. Siku ya nne vinywele vinaota nje ya mstari na vipele vinafuata. Ili kuunyoosha, kila safari kinyozi anaurudisha nyuma kidogo, na nina vijana wa miaka 20 ambao paji lao limepanda vidole viwili kwa sababu ya kazi hiyo tu. Ukingo wake wa asili una kipindapinda kidogo, na kipindapinda hicho kinaulainisha uso wa mviringo.

Kuna njia nyingine, na nizipime kwa haki. Kunyoa sawa kichwa kizima kwa namba 4 ni chaguo zuri kwa familia isiyotaka mijadala: shule haitasema kitu, baba hatasema kitu, na utunzaji ni mdogo. Kasoro yake ni kwamba kichwa kinafuata mviringo wa uso, kwa hiyo hakimpi umbo jipya. Mtindo wa sanduku, wa nywele za juu zilizosimama na kukatwa bapa zenye pembe, ule uliovuma kwa vijana weusi wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, unaziheshimu nywele kama zake, kwani bila nywele za kutimka sanduku halisimami. Ila unahitaji mkono wa fundi na kurudi kwenye kiti kila juma moja au mawili, na pembe zikilegea haupendezi tena. Misokoto na kusuka zinatunza unyevu vizuri sana, lakini kwa mvulana wa shule zitamletea matatizo mlangoni, kwa hiyo hilo mliweke mpaka likizo, kama baba ataridhia.

Defriza naipa nafasi yake peke yake. Kumbuka vile vifungo imara vya salfa. Defriza inavivunja. Nyingi zina soda kali au chokaa ya kikemia, pH yake ni 12 au zaidi, na ile iliyoandikwa «ya watoto» na kuchorwa mtoto anayecheka inafanya kazi ileile kwa njia ileile. Ikigusa ngozi yenye kidonda inaunguza, na wewe unaniambia mtoto ana vipele. Ikimalizika, nywele zinakuwa zimenyooka lakini zimedhoofika, zinakatika. Baada ya mwezi mmoja na nusu mizizi mipya inatoka na mkunjo wake uleule, na kati ya sehemu mbili hizo unywele unavunjika. Hapo mama anapaka tena. Jirani yako ana nia njema, sina shaka. Mshukuru, na usifanye.

Sasa vipele, Mama, na hapa nakuomba usome taratibu. Nywele za mikunjo zikikatwa chini kabisa ya ngozi, ncha yake iliyochongoka inaweza kujikunja na kuingia tena ndani. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Nyuma ya shingo kuna hatari zaidi, kwa kuwa kola ya shati inasugua, jasho linakaa, na mashini inapita hapo mara nyingi ili pawe safi. Kwa vijana weusi waliobalehe, vipele hivyo vikiendelea kuchokozwa vinaweza kugeuka uvimbe mgumu na makovu yasiyoota nywele tena. Madaktari wanauita ugonjwa huo akne keloidalisi. Siwezi kusema mwanao anao bila kumwona. Ninaloweza kusema ni kwamba mwanzo wake unafanana na ulichokieleza, na mwanzoni ndipo unapozuilika.

Kwa hiyo kuanzia leo wembe usimguse nyuma, wala mashini isiyo na kitana. Asivikamue. Kola isimbane. Kofia ya joto aipunguze, kwa ajili ya vipele pia, si kwa ajili ya aibu tu. Spiriti na manukato makali ambayo vinyozi hupaka mwishoni yasipite kwenye vipele, yanazidisha muwasho. Akienda saluni, asione aibu kudai mashini ipanguswe kwa alikoli na kitana kioshwe kabla hakijafika kichwani mwake. Kama kinyozi anatumia wembe kwa wengine, kila kichwa wembe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yake: homa ya ini aina ya B inaweza kupita kwenye wembe wenye damu ya mtu mwingine. Na umeme ukiwa unayumba, kama tunavyoujua, asubiri siku nyingine. Mashini iliyokosa nguvu haikati, inang'oa, na ngozi inaumia bila kutoa damu.

Mpeleke kwa daktari, wa ngozi akipatikana, kama vipele vinaongezeka baada ya majuma manne ya kuacha wembe, kama vinauma au vinatoa usaha, kama vimeanza kuwa vigumu kama punje za maharage, au kama nywele hazioti tena katikati yake. Nenda pia ukiona duara lenye magamba ambapo nywele zimekatika na kuacha vidoto vyeusi. Hayo ni mapunye, yanaambukiza ndugu zake watatu kwa kitana kimoja, na ya kichwani yanahitaji dawa ya kunywa kwa majuma kadhaa, krimu peke yake haiyamalizi. Kama kwenu kuna mtu mwenye keloidi, yaani makovu yaliyovimba na kukua, masikioni au kifuani, mwambie daktari mapema.

Juu ya baba yake nitasema kidogo, kwa kuwa nyumba ni yenu. Wababa wengi waliokuja kwangu wakiwa na hasira ya nywele ndefu walikuwa wanaogopa uchafu, wanaogopa mtoto adhaniwe hana wa kumtunza. Wakiuona ukingo safi na shingo iliyopunguzwa vizuri, wanatulia. Sentimita tatu za juu zenye ukingo safi hazifanani hata kidogo na kichwa kisichotunzwa. Mwombe amsindikize kijana siku ya kwanza, akae kwenye benchi, aone kazi inavyokwenda. Imenitokea zaidi ya mara moja baba akasema naye anyolewe vivyo hivyo.

Shule nayo uiulize kabla. Shule nyingi za kwetu zinadai wavulana wawe na nywele fupi, na direkta wa nidhamu anaweza kumrudisha mtoto mlangoni. Nenda kwa prefe, mkuu wa shule, uliza ni urefu gani unakubaliwa. Wakikuambia sentimita mbili, basi juu ziwe mbili, mteremko wa pembeni uanzie namba 2 badala ya 3, na umbo litabaki lilelile kwa udogo.

Halafu subira. Kutoka kwenye sifuri hamtafika kwenye mtindo huu kwa siku moja. Unywele unakua karibu sentimita moja kwa mwezi, na zetu za mikunjo hukua pungufu kidogo. Nyakati nzuri za kuanza ni mwanzo wa likizo kubwa, Julai: hadi Septemba atakuwa na kitu kinachokaribia sentimita mbili. Muda wote huo juu pasiguswe kabisa. Kila baada ya majuma matatu apunguziwe pembeni na nyuma tu, la sivyo mwezi wa pili kichwa kitakuwa mpira na atakata tamaa. Mwezi huo wa pili ni mgumu, nakuambia mapema. Mwambie na yeye.

Maneno ya kumpa kinyozi mwanao ayaseme mwenyewe, kwa sauti yake, na akiyasahau yawe kwenye karatasi mfukoni: «Juu usipitishe mashini, sawazisha kwa makasi zikiwa kavu. Pembeni degrade ya chini, namba 3 juu ya sikio, namba 2 chini. Nyuma usishuke chini ya namba 2, wembe usipite kabisa, nina vipele. Mbele usichonge mstari.» Fundi mzuri atafurahi kupata mteja anayejua anachotaka. Akikasirika, mtafute mwingine; mtaa wa Birere peke yake una saluni za kutosha.

Siku hiyo aende asubuhi ya siku ya kazi, asiende Jumamosi jioni wakati foleni imefika barabarani na fundi anatazama saa. Aoshe kichwa jana yake na asipake mafuta. Na kofia ibaki nyumbani: ikizibana njiani, kinyozi atanyoa kwa kufuata umbo la kofia badala ya umbo la nywele zenyewe.